Shati Linalopima Mgongo

Siku hizi kuna shati linalojua kama umekaa vibaya. Huu si mfano wa mahubiri. Ni shati kweli, unalivaa ndani kama fulana ya kubana, na ukianza kujikunja juu ya kitabu linatikisika kidogo begani au kiunoni, kama simu iliyozimwa mlio. Ukijinyoosha linatulia. Jioni linakupa hesabu kwenye simu: muda gani ulikaa wima, muda gani ulikaa umepinda. Sisi mafrateri, tunaoanza siku kwenye benchi la kanisani alfajiri na kuimaliza kwenye kiti cha mbao wakati wa studi ya usiku, tungekuwa wateja wazuri wa shati hilo kama mifuko yetu ingeruhusu.

Nimelifikiria sana mwaka huu. Sababu moja ni masomo: tunasoma falsafa juu ya mwanadamu, na kila wiki tunarudi kwenye swali la mwili, kama ni kitu nilicho nacho au ndio mimi mwenyewe. Sababu ya pili ni baba yangu, ambaye nitamfikia baadaye. Kwanza nieleze shati lenyewe, kwa kuwa mengi ya kufikirisha yamo humo humo kwenye uzi.

Uzi wa pamba haupitishi umeme. Lakini uzi wa nailoni ukipakwa madini ya fedha, au ukisokotwa pamoja na nyuzi nyembamba sana za chuma cha pua, unapitisha. Ufume uzi huo katika kitambaa kinachovutika, na utaona kwamba kitambaa kikivutwa, ukinzani wake wa umeme unabadilika. Basi hapo umepata kihisi, yaani kipimo kisicho na gamba wala kioo, kipimo ambacho ni nguo yenyewe. Ukiinama, ngozi ya mgongo inatanuka, kitambaa kinavutika nayo, namba inabadilika. Kifaa kidogo chenye betri kinasoma badiliko hilo na kulituma kwenye simu bila waya. Mashati mengine hayategemei uzi peke yake; yanashonewa pia vipande vidogo vya kupima mwelekeo, vya aina ile ile inayoifanya simu igeuze picha unapoilaza ubavu.

Wazo hili si la jana. Katika miaka ya 1990, Profesa Sundaresan Jayaraman na wenzake wa Georgia Tech huko Atlanta, Marekani, walifuma shati la askari lenye nyuzi za kupitisha mwanga, ili askari akipigwa risasi ijulikane imeingia wapi. Fedha zilitoka jeshini. Baadaye kampuni ya Hexoskin ya Montreal ikatengeneza shati la kupima moyo na pumzi, na vazi la jamii hiyo, liitwalo Bio-Monitor, likajaribiwa mwaka 2019 na mwanaanga wa Kanada David Saint-Jacques katika kituo cha kimataifa cha anga za juu. Kampuni ya Wearable X nayo ikatoa suruali ya yoga, Nadi X, inayotikisika kwenye nyonga, magoti na vifundo vya miguu kumwongoza mvaaji. Kutoka risasi hadi yoga! Vifaa vya mkao vimekuja katika msafara huo huo, vingine vikiwa nguo kamili, vingine vikiwa vya kubandikwa mgongoni tu.

Kuna hatua moja ya kutumia vifaa vingi vya namna hii ambayo ilinisimamisha niliposoma habari zake. Kabla ya kuanza, unatakiwa usimame au ukae vile unavyoona ndivyo sawasawa, halafu ubonyeze kwenye simu: huu ndio wima wangu. Kuanzia hapo kifaa kinapima umbali wako kutoka kwenye wima huo. Hakijui unyoofu ni nini. Kinajua tu kwamba saa mbili asubuhi ulikuwa hivi, na sasa hivi hauko hivyo. Kipimo kimetoka kwa mpimwa. Kama ulianza umepinda kushoto, shati litakulinda kwa uaminifu mkubwa katika kupinda kushoto. Mwalimu wetu wa maadili angeiita hii dhamiri iliyofundishwa vibaya, na angesimamia hapo kwa kipindi kizima.

Hamu ya kumnyoosha mtu kwa kifaa ni ya zamani kuliko umeme. Mwaka 1741 tabibu Mfaransa Nicolas Andry, aliyekuwa ameanza masomo ya upadre kabla ya kuhamia udaktari, alichapisha kitabu kuhusu kuzuia na kurekebisha ulemavu wa miili ya watoto, na akakitungia jina kutoka Kigiriki: orthos, nyoofu, na paidion, mtoto. Ndipo lilipotoka neno orthopedia ambalo hospitali zote zinalo hadi leo. Ndani ya kitabu aliweka picha ya mti mchanga uliopinda, umefungwa kwa kamba kwenye nguzo iliyonyooka. Picha hiyo ikawa alama ya madaktari wa mifupa duniani, na mwanafalsafa Michel Foucault akaiweka katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu magereza, kwa sababu aliona humo kitu kingine kabisa: namna jamii inavyoufunga mwili kwenye nguzo yake. Karne moja baada ya Andry, daktari Moritz Schreber wa Leipzig alibuni chuma cha kufungwa kwenye meza ya mwanafunzi, kikae mbele ya kifua, ili mtoto akiinamia daftari akizuiwe. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Inafurahisha kwamba Mzungu alitaka kumnyoosha mtoto na Mswahili alitaka kumkunja, lakini wote wawili walikubaliana juu ya umri.

Sasa nije kwa baba.

Baba yangu ni fundi cherehani. Kwa zaidi ya miaka 30 ameinamia mashine ile ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, kwenye baraza ya duka la mtu mwingine. Sare za shule, suti za harusi, na kanzu yangu ya kwanza, vyote vimepita chini ya sindano yake. Ada zangu zimetoka pale. Mgongo wake sasa umepinda hata akiwa amesimama, na asubuhi inamchukua muda kuinuka kitandani. Likizo ya Desemba nilimweleza habari za shati nikidhani atastaajabu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka mkasi chini.

“Linafuliwaje?”

Nikamwambia kifaa cha betri kinatolewa kwanza.

“Uzi wenyewe je? Fedha iliyopakwa ukiisugua inatoka. Na jasho? Na lastiki ikishalegea, si litakuwa linasema mtu ameinama wakati amesimama?”

Nilicheka, lakini wahandisi hawacheki, maana maswali hayo matatu ndiyo yanayowasumbua. Kufua kunakwangua fedha. Jasho ni maji ya chumvi na linapitisha umeme lenyewe. Kitambaa kilichovutwa mara elfu hakirudi pale pale kilipoanza, kwa hiyo kipimo kinateleza polepole bila mtu kujua. Fundi wa barazani alifika kwenye kiini cha tatizo kwa dakika moja kwa sababu anajua nguo ni nini.

Kisha akauliza lingine, na hili halikuwa la ufundi. “Sawa, Frateri. Likishaniambia nimeinama, hiyo suruali atashona nani?”

Sikuwa na jibu, na nimelibeba swali hilo hadi huku seminarini. Shati linauona mgongo wake, lakini haliioni suruali. Haliioni taa hafifu ya barazani, wala mteja anayetaka nguo yake kabla ya Misa ya ubatizo. Linachukua jambo lenye sababu nyingi na kulifanya kosa la mtu mmoja, kosa linalotokea kati ya bega na kiuno. Katika maghala fulani ya Marekani wafanyakazi wameshaanza kuvalishwa vifaa vinavyotikisika wanapoinama vibaya kunyanyua mizigo, na takwimu zinamfikia msimamizi. Inawezekana kweli migongo inaokolewa. Ila natamani pia kifaa kingebuniwa ambacho kinatikisika kwenye kiti cha msimamizi kila mizigo inapokuwa mingi mno.

Na je, mgongo uliopinda ndio unaouma? Hapa nilipata mshangao. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno na mgongo wa chini, na ni tatizo linaloongoza kwa kuwafanya watu washindwe shughuli zao. Wengi tumeona pia ile picha ya kichwa kinachoinamia simu, yenye namba zinazotisha: kichwa cha kilo 5 hivi kinakuwa kama kilo 27 shingo ikipinda nyuzi 60. Namba hizo ni za daktari wa upasuaji Kenneth Hansraj, mwaka 2014, nazo zilitokana na hesabu za kompyuta kuhusu mzigo wa shingoni. Hakuwa amepima maumivu ya watu. Mwaka 2019 kundi la wataalamu wa fiziotherapia liliandika kwamba hakuna mkao mmoja ulio sahihi kwa watu wote, na kwamba ushahidi wa kuuhusisha mkao fulani na maumivu ni dhaifu. Wanachosisitiza ni kubadilisha mkao na kujongea. Yaani anayekaa wima kama mnara kwa saa nne bila kujongea, akisifiwa na shati lake, si lazima awe salama kuliko anayejikunja na kujikunjua.

Ushahidi mwingine umetoka karibu zaidi na sisi. Mwaka 1986 watafiti waliwapima Nairobi wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikikuyu walioibeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Waligundua kwamba akina mama hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile wanazotumia kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995 utafiti mwingine ukaeleza namna: hatua zao hubembea kama pendulamu kwa ustadi unaookoa nguvu. Ukiyatazama makundi hayo mawili, mmoja anatembea wima kabisa, mwenzake ameinama mbele kuusawazisha mzigo. Shati lingempa mmoja alama 100 na mwingine sifuri. Mapafu yao yalisema wako sawa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliuliza kwa nini mwanadamu ameumbwa wima. Swali liko katika Summa, Sehemu ya Kwanza, swali la 91, na majibu yake manne hayazungumzii pingili za mgongo hata kidogo. Tunasimama ili uso utazame huku na huku na kuujua ulimwengu, badala ya kunusa chakula ardhini; ili akili ifanye kazi yake kwa uhuru; ili mikono isigeuke kuwa miguu ya mbele; na ili mdomo usilazimike kuchukua chakula kama mnyama, ukakosa ulaini wa kusema. Niliposoma orodha hiyo nilimwona baba. Ameinama, lakini mikono iko huru na inashona, macho yanajua rangi hii inaendana na ile, na mdomo hauishi kuwatania wapita njia. Kwa vipimo vya Thoma, huyo ni mtu wima.

Kanisa nalo lina mengi ya kusema juu ya mkao. Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, katika kanuni yake ya 20, uliagiza watu wasali wakiwa wamesimama siku za Dominika na katika siku za Pentekoste. Mwongozo wa Misale ya Kirumi unautazama mkao wa pamoja kama ishara ya umoja wa waliokusanyika. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, anakuruhusu kusali umepiga magoti, umelala kifudifudi, umelala chali, umekaa au umesimama, na anashauri kwamba ukipata unachokitafuta katika mkao fulani, usihangaike kuhamia mwingine. Katika yote hayo hakuna anayeuliza uti wako umepinda nyuzi ngapi. Bibi kizee asiyeweza kunyooka akisimama wakati wa Injili, amesimama.

Lakini Inyasi huyo huyo ndiye aliyenipa shida kubwa zaidi, kwa sababu alibuni kitu kinachofanana mno na shati hili. Wengi wetu tumefundishwa na baba wa kiroho ule uchunguzi maalum: unachagua kasoro moja, na kila ukianguka unaweka nukta kwenye mstari wa siku hiyo, unalinganisha mchana na jioni, jana na leo, wiki hii na iliyopita. Ni takwimu kabisa. Tena anashauri kwamba kila ukianguka uguse kifua kwa mkono, jambo unaloweza kulifanya hata mbele za watu bila wao kugundua. Mguso mdogo wa siri mwilini unaosema: hapo. Zaidi ya karne mbili kabla ya betri!

Kwa hiyo siwezi kulicheka shati kwa sababu linahesabu, wala kwa sababu linaugusa mwili. Nimezunguka sana na jambo hili, na ninapofika ni hapa: katika zoezi la Inyasi, anayegundua ni mimi. Mkono haugusi kifua mpaka nimejiona. Kule kujiona ndiko kunakokua ndani yangu mwezi hadi mwezi, na nukta ni mabaki yake tu. Shati linanichukulia kazi hiyo. Linaona kwa niaba yangu, nami ninabaki na kazi ya kutii. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anasema tujivute kuelekea upande ulio kinyume na udhaifu wetu, kama watu wanyooshao fimbo iliyopinda. Ila anayevuta hapo ni mwenye fimbo, naye anajua fimbo yake imepinda upande gani.

Rafiki yangu mmoja wa darasani ananipinga hapa, na hoja yake ni nzuri. Anasema malezi yote huanza nje. Kengele ilituamsha kabla hatujapenda kuamka. Mlezi alitukumbusha ukimya kabla hatujaonja utamu wake. Kwa nini kengele ya ukutani iwe malezi na kengele ya kwenye fulana isiwe? Nilimjibu kwamba kengele inatuita mahali, kwenye sala au kwenye uji, na mlezi ananijua: anajua ni siku gani nimeinama kwa uvivu na ni siku gani nimeinama kwa sababu nimepokea simu ya msiba. Hakuridhika. Alisema walezi nao hukosea. Tunaendelea kubishana.

Wapo watu ambao shati hili lingewafaa kweli. Mgonjwa wa Parkinson mara nyingi hahisi kwamba ameegemea upande. Mwili wake unamwambia yuko sawa, na kioo kinasema vinginevyo. Aliyepatwa na kiharusi naye anaweza kupoteza habari za upande wake mmoja. Kwa hao mtetemo mdogo kiunoni unarudisha sauti iliyonyamaza, na daktari akisoma takwimu za wiki anajua mazoezi yanasaidia au hayasaidii. Nawaza kuhusu Mtakatifu Yohane Paulo II. Nilikuwa mtoto mdogo alipofariki mwaka 2005, kwa hiyo namjua kwa video: kijana wa milimani anayeteleza kwenye theluji, kisha mzee aliyekunjamana kitini, kichwa kimeangukia begani, mbele ya kamera za dunia nzima. Sidhani kama shati lingemdhalilisha. Huenda lingempunguzia maumivu. Sidhani pia kama tungemwelewa vizuri zaidi kwa kuona alama zake za jioni.

Jumatatu ya juma la 30 la mwaka tunasoma Injili ya Luka juu ya mwanamke aliyepinda miaka 18, asiyeweza kujiinua kabisa. Nilipewa kuandaa tafakari fupi juu yake, ndipo nilipotambua jambo ambalo sikuwa nimeliona. Yesu hamwambii ajitahidi. Anamwona, anamwita, anamwekea mikono. Mkuu wa sinagogi anapokasirika kwamba ni Sabato, Yesu anazungumzia ng'ombe na punda, ambao kila mtu huwafungua zizini siku hiyo kuwapeleka kunywa maji. Lugha yake yote ni ya kufungua. Yule mwanamke alikuwa amefungwa, sasa amefunguliwa, na kwa kuwa amefunguliwa amenyooka. Nikaukumbuka mti wa Andry, ulionyooshwa kwa kufungwa kamba.

Baba hakupata shati, wala hakulitaka. Mapema mwaka huu alikwenda hospitali ya wilaya, na mtaalamu wa fiziotherapia akamwonyesha mazoezi mawili na kumwambia asikae zaidi ya nusu saa bila kuinuka. Alijua mwenyewe kwamba atasahau. Kwa hiyo amehamisha pasi ya mkaa. Zamani ilikaa karibu na goti lake la kulia. Sasa iko mwisho wa baraza, juu ya tofali, karibu na muuza maandazi. Kila mshono ukihitaji kupigwa pasi inabidi asimame, atembee hatua kumi na mbili, asalimiane na mama wa maandazi, arudi. Mama ananiambia kwenye simu kwamba kazi zinachelewa kidogo, na kwamba maandazi yanaliwa zaidi ya bajeti.